Ngoja Wino Ukauke

Bi Chapa, jina alilobandikwa na wenzake kwa miaka thelathini ya kupiga taipu ofisini, alikuwa dukani na binti yake wakichagua printa ya nyumbani. Muuzaji aliwachapishia karatasi mbili, moja kwa printa ya wino, nyingine kwa ya leza.

"Chukua ya leza, mama. Inatumia unga badala ya wino wa maji, hata ukiiacha miezi haiharibiki. Na karatasi inatoka kavu, hungoji chochote."

Binti akaafiki. Bi Chapa alikuwa ameishika ile karatasi ya wino kwa ncha za vidole, anaipuliza taratibu, kama alivyozipuliza nakala zilizotoka zimelowa kwenye mashine ya kudurufu. Enzi hizo tarishi, mtu wa haraka haraka, alitakiwa azichukue aondoke. Lakini nakala mbichi ukizikunja zinachafuka. Basi akasubiri, ameegemea meza. Siku ya kwanza walizungumzia mvua. Mwaka ulipokatika, hata zilizokauka kau Bi Chapa alizipapasa na kusema, "Bado, ngoja kidogo."

"Nifungie ya wino," alimwambia muuzaji.

"Mama!" binti akang'aka. "Si umeambiwa ya leza haimsubirishi mtu?"

"Nimesikia. Tungekuwa nayo wakati ule, baba yako angebeba nakala zake akaenda zake, na wewe usingekuwepo hapa kunipigia kelele."