Macho ya Ariyapala

Picha zote nyumbani kwa Somalatha zilikuwa zimegeuzwa zikatazama ukuta, kama ilivyo ada maiti akiwa ndani, pale kijana wa benki ya macho alipofika na kiboksi chake cha barafu. Marehemu Ariyapala, aliyeishi kwa kumenya mdalasini, alikuwa ameahidi kwenye hekalu la Kibudha kwamba akifa macho yake wapewe vipofu. Lakini idhini ilikuwa ya mjane wake, Somalatha. Majirani wote walimkodolea macho. Akaitikia kwa kichwa. Watu huhubiri juu ya maiti na juu ya vipofu. Mjane huachiwa kuitikia tu.

"Umemgawa kaka yangu kama fenesi," alisema wifi yake, Gunawathi. "Atazaliwa tena kipofu, na atakuja kukuuliza wewe."

Baada ya mazishi picha zikageuzwa tena, isipokuwa ya Ariyapala. Kila Somalatha alipoinyooshea mkono, shingo ilimsisimka. Mahali fulani bendeji ya kipofu aliyepewa macho yale ilikuwa imefunguliwa. Somalatha alitazamwa akichuja chai, akifagia, akisuka nywele. Akawa anajitanda shuka hata ndani.

Siku ya saba watawa walikuja kula sadaka. Mwishoni ndugu hushika birika kwa pamoja na kumimina maji kikombeni mpaka yafurike, ili thawabu imfikie marehemu. Gunawathi alikunja mikono. Somalatha akamimina peke yake. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakakoma. Akazidi kumimina. Hayakumwagika.

Mtawa kijana aliacha kusoma. "Mama, ulitoa kwa moyo mkunjufu?"

"Niliwaonea haya majirani, Mheshimiwa. Sikutaka."

"Basi toa sasa."

"Yameshachukuliwa."

"Yamechukuliwa. Wewe hujayatoa."

Somalatha aliyakumbuka macho yale, mekundu kwa vumbi la mdalasini, yalivyomtafuta kila jioni kabla ya kutafuta chakula.

"Chukua," alisema, asijue anamwambia nani. "Uyatunze."

Gunawathi alisonya, kisha akaweka mkono juu ya birika. "Ni kwa ajili ya kaka. Usije ukadhani nimekupenda."

Maji yakafurika, yakalowesha mkeka.

Jioni Somalatha akaigeuza picha. Shingo ikamsisimka vilevile. Bado alikuwa akitazamwa, ila si kutoka ukutani. Akaivua shuka, akaenda kuchuja chai, polepole, ili aonekane vizuri.