Mwandiko Unaochekea Kila Kitu

Bi Chaki aliukuta mwandiko wake kwenye mlango wa choo cha stendi. "Haja ndogo, lipa kwanza." Ile ilikuwa H yake, imepanua miguu kama mtoto anayejifunza kusimama. Na zile a zilikuwa zake, za mviringo, zenye kimkia. Akaziba pua kwa mtandio, akasoma tena, na kilichomkera hakikuwa harufu peke yake.

Jina la Bi Chaki alipewa na watoto wa darasa la kwanza, aliowafundisha hadi akastaafu. Nusu ya mtaa ilijua kusoma mbele ya ubao wake. Herufi zake aliziinamisha kidogo kwa makusudi. Herufi iliyonyooka sana, alisema, inamtisha mtoto, imesimama kama askari. Ya kwake ilimwambia mtoto njoo, kaa, usiogope.

Basi siku moja, kabla ya haya yote, mtoto wa dada yake, anayefanya kazi kwenye duka la uchapaji, akaja na karatasi ya visanduku. "Mama mdogo, niandikie herufi zote, kubwa na ndogo, nikuingize kwenye kompyuta, mtu akichapa utoke mkono wako. Vitabu vya watoto vitapendeza." Bi Chaki akaandika, na juu ya hayo akampikia chai.

Vitabu vya watoto hakuviona. Aliona pakiti ya sumu ya panya, "Anakula ndani, anafia nje", kila a imejaa mashavu kwa furaha. Aliona bango la tiba ya bawasiri. Aliona buchani "Utumbo umefika", nzi wakitembea juu ya U yake. Siku alipoletewa tangazo la msiba lililokaa kama mwaliko wa sherehe ya mtoto, alisonya hadi mleta tangazo akadhani amemkosea.

Akamfuata mpwa wake dukani.

"Ifute."

"Haifutiki, mama mdogo. Nilimpa mwenzangu mmoja, naye ana wenzake."

"Umenigawa kama pipi."

"Lakini watu wanaipenda. Wanasema ina urafiki. Hata onyo ukiliandika hivyo, linapokeleka."

"Ndiyo maana inanuka," alisema Bi Chaki, akatoka bila kuaga.

Haya yote angeyameza, maana mtu mzima humeza mengi. Lakini asubuhi moja karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwake. Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wake. Mama yake alipofariki, alikula na kulala kwa Bi Chaki mpaka akapata akili ya maisha, na hadi leo hapiti jioni bila kuingia kumwamkia. Karatasi ilisema: "Fundi wetu mpendwa, chumba hiki tunakihitaji. Tafadhali hama kabla ya mwezi kwisha. Tunakupenda." Chini yake kulikuwa na kopa dogo la mapenzi.

Jioni ile fundi hakupita. Wala iliyofuata.

Bi Chaki aliposhindwa kuvumilia, alimfuata. Alimkuta anafunga vitambaa kwenye shuka, pini zimejaa mdomoni.

"Mwanangu, unafikiri ni mimi niliyeandika?"

Fundi alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kifua cha gauni lake. "Najua si wewe, Mwalimu. Mwenye nyumba kachapisha dukani, kaniambia mwenyewe."

"Sasa mbona umenikimbia?"

"Mimi nilijifunza kusoma kwenye mkono wako. Nikiuona, nasikia sauti yako. Hiyo karatasi nimeisoma kwa sauti yako, 'tafadhali hama'. Nimejaribu kuisoma kwa sauti ya mwenye nyumba, imekataa."

Bi Chaki alikaa juu ya furushi. Choo, sumu na utumbo vyote vilikuwa uchafu wa nje, unaoweza kunawa. Huu uliingia ndani. Upole aliouchonga kwa ajili ya watoto waoga, mtu ameuchukua akaufunikia kisu. Laiti yule bwana angeandika kwa herufi kavu za mahakamani, fundi angemchukia yeye, na chuki ingefika kwa mwenyewe.

Aliinuka, akaibandua ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitambaa cha mgonjwa, akaitia kwenye ndoo ya taka.

"Bado nahama," fundi alisema.

"Najua. Wateja wako watajuaje ulipo?"

"Nilitaka kuandika kwenye boksi kwamba nahamia nyuma ya tangi la maji, ila mkono wangu unaujua."

"Lete."

Fundi alilishika boksi bila kulitoa. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Ule mwandiko sitaki kuuona mlangoni kwangu."

Bi Chaki alichukua kalamu nene, akaitia mkono wa kushoto. Alihema, ulimi nje. FUNDI KAHAMIA NYUMA YA TANGI LA MAJI. N moja iligeukia nyuma, herufi za mwisho zikabanana ukingoni kama abiria waliochelewa.

Fundi aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. "Mbaya hii."

"Mbaya sana."

"Kama kuku kapita kwenye unga. Mimi ungenirudisha niandike upya."

"Isome. Unasikia sauti ya nani?"

Fundi aliisoma kimya, midomo ikicheza. "Ya mtu mwenye kikohozi."

"Namjua?"

"Humjui. Hata mimi simjui." Akacheka puani, kidogo tu, akaenda kulibandika boksi. Aliporudi alikunja mikono ya gauni, akasema, "Haya, Mwalimu. Shika upande wa meza, cherehani niachie mimi, nzito hiyo."