Sauti Iliyobaki kwa Mzee Zefania

Beatha alikuwa mchapaji wa barua kwenye shamba la mkonge, enzi shamba likiwa mali ya shirika la umma. Likauzwa. Mwekezaji akaja na watu wake na kompyuta zake, akina Beatha wakaambiwa asanteni, nendeni salama. Ndiyo ubinafsishaji wenyewe tulioimbiwa redioni! Mumewe Elibariki, fundi mitambo wa hapohapo, akaenda kutafuta vibarua migodini. Beatha akafungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi Same mjini, na kompyuta ya mtumba inayonguruma hadi wateja wanashtuka.

Mwaka 2007 Elibariki akaugua hukohuko, akafa kabla mkewe hajafika. Vitu vyake vikapelekwa Gonja kwa baba yake, kama ilivyo desturi ya kwao: nguo, redio na simu. Beatha hakuuliza kitu. Mkamwana akidai vitu vya marehemu atasemwa mpaka achoke.

Mwaka mzima ukapita. Asubuhi moja baba mkwe, Mzee Zefania, akateremka kutoka Gonja na kuingia kibandani. Beatha akampa shikamoo, mzee akaitika marahaba huku akitazama sakafu, akaweka simu mezani. Akaeleza kwa shida kwamba mle mna sauti ya Elibariki. Alijirekodi kitandani hospitali, maneno ya kumwambia mkewe. Mzee aliisikiliza mara moja tu, akaifungia sandukuni kwa aibu. Aibu ya nini, hakusema. Siku alipopata moyo wa kuileta, ikamponyoka akivuka mfereji, spika ikafa. Fundi wa mjini alishindwa kuitengeneza, ila alisema sauti yenyewe imo. Irushwe kwa bluetooth kwenye kompyuta, itasikika.

Mwaka mzima Beatha alikuwa analala na swali moja, kama mumewe alimuaga au hakumuaga. Kumbe jibu lilikuwa sandukuni Gonja.

Tundu la chaji nalo lilikuwa limelegea. Bila mtu kubana waya kwa kidole gumba, simu inazimika. Mzee akakaa upande wake wa meza akabana, Beatha akakaa kwenye kompyuta. Mwingine angezunguka meza akaishika simu mwenyewe. Siyo Beatha. Kwao mkamwana hakai bega kwa bega na baba mkwe, wala hapokei kitu mkononi mwake. Kinawekwa chini kwanza ndipo akiokote. Utasema ujinga, haya, sema. Wenyewe ndivyo walivyolelewa. Na kumwita jirani hakutaka, maana maneno ya mumewe asikie nani kabla yake?

Kompyuta ikatafuta, isione kitu. Kumbe bluetooth ya simu ilikuwa imezimwa. Beatha akawa anaelekeza, shuka mara tatu baba, bonyeza katikati, mpaka ikawaka. Ikatafuta tena, patupu. Simu ilikuwa imejificha, hadi uichagulie ionekane na wote. Halafu kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina: ELIBARIKI. Mwanamume alikuwa ameipa simu jina lake. Beatha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Akaandika namba ya kuunganisha, 1234, mzee naye 1234. Vikakataa kuungana. Mara tatu vikakataa. Beatha akahisi kwamba simu imejaa majina ya simu za watu ilizowahi kuungana nazo. Akamwambia mzee ayafute, na simu ikiuliza kama ifute kweli, ajibu ndiyo.

Sasa mzee wa watu alikuwa amesahau miwani nyumbani, herufi zote anaziona ukungu. Amwambie mkamwana kwamba haoni? Wapi! Jina la kwanza alilifuta sawasawa, la pili pia. Baada ya hapo akapotea, na kidole kikamrudisha kwenye njia pekee aliyoijua ndani ya simu ile, njia ya kwenda kwenye sauti ya mwanawe. Akabonyeza kufuta. Simu ikauliza. Akajibu ndiyo.

Safari hii vikaungana papo hapo. Beatha akacheka kwa furaha, akafungua mahali pa sauti. Hapakuwa na kitu. Akafunga, akafungua tena.

Ndipo alipozunguka meza, akaichukua simu mkononi mwa baba mkwe. Akaitafuta sauti kila mahali mpaka simu ikamzimikia. Mzee alikuwa analia.

“Baba,” Beatha akasema, “wewe uliisikia. Niambie tu alisema nini.”

Mzee akajifuta machozi.

“Ni maneno ya mume kwa mkewe, mama. Mimi baba yako nitayatamkaje mbele yako?”

Tangu hapo Beatha alipanda Gonja kila Jumapili baada ya ibada. Alipeleka sukari, alipeleka sabuni, akakaa uani akingoja. Walizungumza mvua, mahindi, wajukuu. Miaka miwili baadaye Mzee Zefania alifariki, na maneno yale hakuyatamka.