Kibao cha Mlango wa Bi Asila

Saud alikuwa fundi milango wa Sokomuhogo. Mtu wa maneno machache. Kutwa utasikia nyundo na patasi, yeye mwenyewe humsikii. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Bi Asila. Mtu akipiga hodi, anayeitikia ni Asila, hata kama Saud kakaa ukumbini karibu na mlango na yeye Asila yuko jikoni kwenye moshi.

"Karibu! Pita ndani!"

Miaka thelathini na nne ilikuwa hivyo.

Mwaka wa tisini na tatu alikuja Bwana Jecha, mkubwa wa mradi mmoja wa utalii. Walikuwa wakipanga njia ya kuwapitisha wageni Mji Mkongwe kwa miguu, ili mgeni asishuke leo na leo hiyo hiyo akakimbilia Nungwi kuota jua. Mlango wa Saud, alioutia nakshi kwa mkono wake, waliupenda. Wakaomba kuutundikia kibao kilichoandikwa KARIBU.

"Unasemaje, Mzee Saud?"

Saud akamtazama mkewe.

"Tundikeni," alisema Asila. "Lini sisi tulimwambia mtu asije?"

Kwa Jecha lile lilikuwa pambo la mlango. Kwa Asila, ukishamwambia mtu karibu, huna budi umtie kitu mkononi. Wageni wa mwanzo walisimama nje wakipiga picha. Akatoka, akawashika mikono, akawaingiza. Kahawa na halua.

Aliyewatembeza siku hiyo ni Silima, mtu mzima, aliyepata kuwa mwalimu. Aliona haya. "Bi Asila, usijisumbue. Hawa wana chakula chao hotelini."

"Huko wamelipa," alisema Asila. "Hapa wamekaribishwa. Kaa na wewe unywe, usinisimamie kama karani wa bandari."

Basi ikawa ada. Watembezaji wote wakajua kuwa nyumba ile unaingia tu. Hodi ya nini, na kibao kishaitikia?

Mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa mfungo pili, Asila alifariki. Sukari.

Siku ya tatu wanaume wamekaa ukumbini, kila mmoja na juzuu yake, wanasoma khitma. Kibao hakuna aliyekikumbuka. Wakaingia wageni kumi na wawili na mtembezaji asiyewajua wenyewe. Walikanyaga mikeka na viatu. Mmoja akainua kamera, akapiga picha.

 Saud alinyanyuka, akatoka nje, akakibandua kibao kwa mikono mitupu, misumari na yote.

Kesho yake Jecha alikuja, kichwa chini. "Makosa yetu, Mzee Saud. Sema neno moja tu, nyumba hii naitoa kwenye njia leo hii."

 Saud aliitaka nyumba itulie. Lakini kuwafungia watu mlango ilikuwa kama kumnyamazisha Asila mara ya pili.

"Ngoja," alisema.

Alikipindua kibao, akachonga neno upande wa nyuma. HODI. Alichonga siku mbili, vizuri. Akakitundika.

Wageni wakaja. Wakakipiga picha kibao. Wakaingia vile vile, bila ya hodi.

Silima alipokiona alicheka, kisha akajiziba mdomo. Saud hakuingia skuli. Alisoma chuo cha Kurani tu, na herufi alizozijua ni za msahafu. Ndizo alizozichonga.

"Mzee, hawa wanadhani ni dua."

"Imeandikwa hodi."

"Mimi nnaisoma. Wao hawaisomi."

"Basi wewe una kazi gani?"

 Tangu siku hiyo Silima aliwasimamisha wageni wake pembeni mwa mtaa, akawafundisha neno lile kabla hawajafika. Hodi mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mnarudi. Jecha aliposikia, akaamrisha watembezaji wote wafanye vivyo hivyo, kwa kila nyumba ya njia ile.

Asubuhi moja Saud yuko ukumbini, anapiga msasa ubao wa mvule. Nje zikatoka sauti za watu wengi, zimepinda pinda.

"Hodi!"

Akainua kichwa, akaelekeza sikio jikoni.

"Hodi!"

Jikoni kimya. Seredani haijatiwa makaa tangu ile khitma. Akaushika ubao kwa mikono miwili.

Nje akamsikia Silima akiwaambia taratibu kuwa imebaki moja, na baada ya hiyo wanaondoka.

"Hodi!"

Saud akafungua kinywa. Sauti ilimtoka nzito, imekwaruza.

"Karibu," alisema. Kisha akakumbuka kuwa karibu ya Asila haikuishia hapo. "Piteni ndani."

Akauweka ubao chini, akaenda jikoni kutafuta Asila vikombe aliviweka wapi.