Mwanamume wa Ndoto ya Mwingine

Miaka hiyo nilikuwa nikishona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, kwenye kibanda alichoniachia marehemu baba. Mama, niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Tena, alikuwa na rafiki wa maombi aliyeota kwamba mume wangu atanijia ameshika kiatu mkononi. Mama aliisimulia ndoto hiyo kila Jumapili baada ya ibada. Mimi nilicheka tu, maana kazini kwangu nani asiyekuja na kiatu mkononi?

Asubuhi moja ya baridi akaja karani wa duka la vipuri, kiatu cha kamba mkononi.

"Sasa. Kamba imekatika. Utaweza kuishona?"

Nikamwambia angoje. Akakaa kwenye benchi, akatoa riwaya iliyopoteza jalada. Nikamuuliza inahusu nini.

"Kuna mtu anangoja barua ya kumwambia ampende nani."

"Barua inakuja?"

"Soma mwenyewe."

Akaniachia. Niliisoma siku kadhaa, vumbi la ngozi likielea kwenye mwanga, na nilipoinua macho soko lote lilionekana mbali, kama liko chini ya maji. Barua haikuja. Yule mtu aligundua hakuna aliyekuwa akiiandika, akaogopa hata kuufungua mlango wake. Nami niliogopa pamoja naye.

Karani aliendelea kuja, akileta viatu visivyo na kasoro yoyote. Miezi ikapita, nikamweleza ile ndoto, nikidhani atafurahi. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Kwa hivyo ningekuja na mwavuli ungeniacha?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi sikutumwa. Kamba ilikatika tu. Kama unanitaka, nitake wewe mwenyewe."

Nilikaa na maneno hayo wiki nyingi. Kisha Jumamosi moja nikaenda kwake Njiru, nikamrudishia kitabu na kumwambia namtaka. Tulipooana Mama alimshukuru Mungu kwa ndoto ile, tukamwacha ashukuru.

Mimba yetu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaketi kitandani kwangu, wakasema ni mpango wa Mungu. Maneno yao yalinifunika kama blanketi. Walipoondoka, nilitaka mume wangu anifunike nayo pia.

"Sema ilipangwa," nikamwambia.

Alikuwa amesimama dirishani. "Siwezi."

"Kama haikupangwa, basi ni makosa yangu."

"Si makosa yako. Lakini siwezi kusema kuna mtu alikaa chini akalipanga hili."

Kesho yake nilifunga begi, nikaenda kwa Mama.

Siku za kwa Mama zilipita kama usingizi. Nililala nikitazama mwanga ukihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Pazia lilipumua, redio ya jirani ikaimba nyimbo za injili, na wakati mwingine sikujua kama ni mimi niliyelala pale au ni msichana niliyekuwa zamani. Mama aliniletea uji bila kuuliza kitu. Mume wangu alipiga simu mara moja tu.

"Sitakuja kukuchukua," akasema. "Si kwamba sikutaki. Nataka ukija, uwe umekuja mwenyewe."

Nilimchukia kwa hilo. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi. Mtu anaweza kuamini uhuru wa mwenzake na bado akamfuata anapofiwa.

Wiki ya tatu niliamka nikakunja nguo zangu. Mama alisimama mlangoni.

"Umeamua?"

"Nimeamua."

"Mungu amekuongoza."

Nikakubali. Sikuwa na nguvu za kubishana, na pengine naye alikuwa akisema kweli kwa namna yake.

Njiru nilimkuta ameketi kizingitini akisugua sufuria. Alikuwa amekonda. Akasema, "Karibu," kama unavyomkaribisha mgeni, akasogea kunipa nafasi.

Nikaketi. "Ulipaswa kuja kunichukua," nikamwambia.

Akaendelea kusugua, muda mrefu, sufuria iliyokwisha kutakata.

"Ndiyo," akasema. "Nilipaswa kuja."

Yeye ndiye aliyeanza kulia. Kisha nami nikalia, juani pale, mikono yake ikiwa bado na povu. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia mtoto wetu tukiwa pamoja.