Picha Iliyomngoja Mwenyewe

Jumanne nilikuwa studio moja mjini Thika, nikingoja picha za pasipoti. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mwanamume, yenye fremu nyeusi, ile ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Ilikuwa imekatwa kutoka kwa picha ya harusi, kwani mkono wa bibi arusi ulikuwa ungali begani mwake.

Akaingia mtu mwembamba, koti likimning'inia. "Nimetoka Ruiru kuona hiyo picha," akasema.

Mama wa studio akaipangusa vumbi. "Pole sana. Alikuwa ndugu yako?"

"Ni mimi."

"Ngai! Mungu wangu!" Kitambaa kikamponyoka.

Akatueleza kwa upole, kana kwamba wagonjwa ni sisi. Mke wake alikufa kwa ukimwi. Yeye naye akalala kitandani, na jamaa zake wakaagiza picha mapema. Kisha dada yake aliye ng'ambo akaanza kumtumia vidonge vipya, vile tunavyovisoma tu magazetini. Akainuka kitandani, na picha haikuchukuliwa tena. Hapo akatazama saa, akaomba maji, akameza kimoja huku akiutazama ule mkono begani.

Mama akaishusha picha mbio. "Enda nayo, baba. Uichome!"

Yule mtu akaitikisa chupa yake ya dawa. "Wacha ikae hapo, mama. Dada amefutwa kazi. Hivi ni vya mwezi mmoja."

Mama akaitundika tena, polepole.

Wakubwa serikalini wanasema dawa hizo bado hazijafika Kenya. Zimefika. Nilizisikia zikigonga chupa, na zilikuwa chache.