Dawa ya Presha na Mahasimu Wanne

Juzi katika duka la dawa huko Eastleigh, mama aliyekuwa mbele yangu aliinua pakiti ya dawa ya presha akainusa kama samaki wa jana.

"Mamangu aliuziwa feki kwingine, akaanguka bafuni," akasema. "Nitajuaje hii ni ya ukweli?"

Muuzaji, kijana mwenye tai, akaielekeza simu yake kwenye alama ya pakiti. "Iko kwa blockchain, mathe. Kila nodi imethibitisha."

"Nodi ndiyo nani? Ongea na mimi Kiswahili."

Kijana akalegeza tai. "Ni kompyuta. Kiwanda kina yake, mwagizaji yake, duka la jumla yake, na sisi yetu. Kila moja imeweka nakala ya safari ya hii dawa. Mmoja akidanganya, nakala za wengine zinamkataa."

"Na mkiwa mashemeji, mdanganye pamoja?"

"Sisi?" Kijana akacheka. "Mathe, hapa kila mtu amempeleka mwenzake kortini!"

"Ungeanza na hiyo. Funga mbili."

Kwenye makongamano, wataalamu hutuahidi kwamba teknolojia hii itafanya watu waaminiane. Hakuna aliyewahi kututajia kwamba inafanya kazi vizuri zaidi wakichukiana.